Mzigo wa Bi Mwatum

Meli ya asubuhi kutoka Unguja ilipofunga gati bandarini Mkoani, Mabruki alishuka na mabunda ya jarida la Bi Mwatum begani, kama alivyofanya kila toleo. Hakufika getini, Bi Mwatum alikosimama akimngoja. Aliyatua chini, akajishika tumbo, akachuchumaa kando ya magunia ya unga huku jasho likimtiririka. Mchukuzi mwenzake akayapokea. Naye akachuchumaa, na kila aliyefuata.

"Bi Mwatum," Mabruki alisema alipopata pumzi, "leo umetia nini humu?"

"Karatasi tu, Mabruki."

"Karatasi gani zinakata kiuno, yakhe? Na mapaja yote yanawaka."

Hakuna aliyeshangaa. Wachukuzi wanajua kwamba kila mzigo una tabia yake: karafuu hunukia, papa mkavu hunuka, na huu ulikuwa unauma. Walichotaka kujua ni utauma mpaka lini. Bi Mwatum akawauliza maumivu yanaanzia wapi na yanakwenda wapi, na kila walichomjibu alikuwa amekwisha kukichapisha. Jarida aliliita Nong'ona. Alilitengeneza mwenyewe sebuleni kwake Kengeja, kwa kompyuta ya kuazima, likapigwa chapa mjini Unguja, na lilikuwa la jambo moja tu: lile chango baya la wanawake, ambalo madaktari wanasema ni nyama ya ndani ya kizazi kuota pasipo pake, ikavuja damu na kuuma mwezi hata mwezi. Katika toleo hili, kwa mara ya kwanza, wenye chango walijieleza wenyewe.

Mwatum aliona haya. Wanaume watu wazima, wengine marafiki wa marehemu baba yake, wamejikunja hadharani kwa sababu yake, na kinachowauma hakitamkiki mbele yao. Akawaomba radhi, akawaomba tena, akawanunulia chai ya tangawizi. Mdogo wake Mwanawema, aliyefuatana naye, ndiye aliyeinama akayabeba mabunda yote mpaka kwenye gari ya Kengeja. Yeye alikuwa na chango tangu alipovunja ungo, na mzigo ule haukumwongezea kitu.

Maumivu ya wachukuzi yakawa yanarudi kila mwezi, hata kwa wale ambao hawakuligusa tena jarida. Jambo likachukuliwa kwa uzito wake. Mwanamme mwenye familia atafanyaje kazi namna ile? Msimamizi wao akawapa mapumziko kila siku zao zinapowafikia. Wake zao wakawakanda viuno kwa maji moto. Ijumaa imamu akawaombea dua kwa sauti, na msikiti mzima ukaitikia amina. Haukupita muda akaletwa daktari bingwa kutoka mjini, na mashine ya kupigia picha za tumbo, akawekwa kwenye chumba nyuma ya ghala. Atakayeonekana anahitaji kupasuliwa atasafirishwa bure, walisema wakubwa wa bandari.

Mwanawema alikuwa amehangaishwa kwingi. Amepewa panadoli, amenyweshwa kombe la aya, ameambiwa aolewe azae, litakatika lenyewe. Posa ilikuwa imekwisha kuingia. Lakini juzi juzi alizimia jikoni, na Mwatum aliyemzoa sakafuni akaogopa kwamba safari nyingine hatazinduka.

"Vaa buibui lako twende," akamwambia. "Huyu daktari ndiye tuliyekuwa tukimtafuta."

"Dada, kule wamejaa wanaume."

"Nitasema mie. Wewe kaa tu."

Wakakaa kwenye benchi katikati ya wachukuzi, ambao walikuwa wakiulizana bila kificho.

"Lako linaanza mgongoni?"

"Mie linanishuka miguuni. Hata chooni natoka na machozi."

"Pole, yakhe. Ni chango hilo."

Mwanawema aliwasikiliza kwa makini. Maisha yake yote hakuwahi kukaa na watu wanaouzungumza ugonjwa wake kwa sauti.

Zamu ilipokaribia, akaingia Mzee Ngwali akimsindikiza mwanawe, mchukuzi. Mzee huyu alikuwa ami yake mchumba wa Mwanawema, na ndiye aliyeleta posa. Akatoa salamu, akaitikiwa, akakaa kuwaelekea. Mara daktari akafungua mlango. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye sauti kubwa.

"Na hawa kinamama? Nani mgonjwa?"

Benchi zima likageuka. Mwatum maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyaandika, ameyasahihisha, ameyasambaza kisiwa kizima. Akamtazama Mzee Ngwali, akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameanza kuinuka.

"Hakuna mgonjwa, daktari," akasema. "Tumekuja kuwapa pole tu."

Mwanawema alibaki nusu kasimama, kisha akajifanya anatengeneza buibui, akakaa. Mwatum alikuwa ameona aibu kusema, na alipokwisha kukana akaona aibu kubwa zaidi. Lakini hii ya pili haikuwa na watu wa kuitazama, kwa hiyo ilivumilika.

Daktari akawaona wanaume wote. Waliohitaji kupasuliwa wakasafirishwa, wakarudi wazima, wakaingia kazini. Kabla daktari hajaondoka, Mwatum alimwomba makala ya jarida, naye akamwandikia, makala nzuri sana, juu ya chango la wachukuzi.

Baada ya siku chache Mzee Ngwali alikuja Kengeja kupanga harusi. Akakaribishwa barazani, akapewa kahawa. Nyumbani kwao walikuwa na wasiwasi, alisema, maneno ya watu hayeshi, lakini sasa roho zimetulia.

"Nimewaambia ntoto hana ila. Nimesikia kwa masikio yangu, kwa dada yake. Na nani anayelijua chango kumshinda Bi Mwatum?"

"Alhamdulillahi," Mwatum akasema.

Ndani, Mwanawema alikuwa amelala chini tangu alfajiri. Alipoanza kuugua kwa sauti, Mwatum alimtaka radhi mgeni, akaingia, akafunga dirisha linaloelekea barazani. Kisha akatoka, akammiminia mzee kahawa nyingine.