Machozi ya Bombani

Mama Pacha alikuwa na mahali pamoja tu pa kulilia: bafuni, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, ndoo ikipiga kelele. Miaka kumi na mitatu ya ndoa hakuna aliyejua, si mumewe kinyozi, si wale mabinti wawili waliompa jina. Mume alichojua ni kwamba mkewe anachezea maji. "Unaoga au unaosha ukuta?" humgongea mlango.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mgeni. Wifi yake, mshonaji wa mavazi ya filamu, alimleta mwigizaji mmoja aliyejiandaa kucheza mama wa nyumbani, aje aketi jikoni ajifunze. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu, kwa kukosa jembe, Mama Pacha alimpa kisu na sinia la vitunguu. Mwigizaji alikuwa mcheshi, hana makuu. Alimtazama mwenyeji wake akipima joto la pasi kwa kidole alichokilamba, akiigombeza sufuria inayochelewa kuchemka: "Na wewe leo umejifanya mgonjwa?" Akacheka, akaandika daftarini. Mama Pacha alikuwa hajawahi kuandikwa na mtu. Siku ya tisa, wakikunja mashuka, akaulizwa, "Na ukizidiwa, dada, unafanyaje?" Basi yote ya bomba yakamtoka. Mwigizaji akamshika mkono, naye akadondosha chozi. "Dada yangu, hili litaishia hapa hapa."

Filamu ilipotoka, wifi aliwapatia Mama Pacha na mumewe viti vya mbele, Jumamosi mchana. Ilipofika pasi, watu wakacheka. Ilipofika sufuria, wakaangua kicheko cha mapenzi, na Mama Pacha akasisimka mwili mzima kwa fahari. Alikuwa anataka kumgusa mumewe amnong'oneze kwamba yule ni yeye, ndipo mwanamke wa kwenye filamu akaingia bafuni, akafungua bomba.

 Kinyozi akatoa leso, akalia mabega yakimtikisika. "Maskini, mama wa watu," alisema. "Na huyo mumewe ni jiwe? Hasikii?"

Kwenye filamu mume alisikia. Aliingia, akafunga bomba, akamkumbatia mkewe, na kesho yake akaosha vyombo. Watu wakatoka wanafuta macho, nyuso zimewang'aa.

Nje, mwigizaji alikuwa amezingirwa. Mtangazaji akamuuliza ile ya bomba aliitoa wapi.

"Moyoni," alisema. "Nilimkumbuka marehemu mama yangu."

Makofi yakapigwa. Macho yake yakakutana na ya Mama Pacha, yakapita kama yanavyopita kibao cha njiani. Kinyozi akajipenyeza mpaka ubavuni mwa mwigizaji, akamnyooshea mkewe simu. "Tupige picha, na usitikise mkono." Alipiga tatu, kwa sababu kwenye mbili za kwanza mume alitoka amefumba macho.

Wiki ile kinyozi hakuwa na hadithi nyingine. Mama Pacha alipompelekea chakula cha mchana kazini alimkuta anamnyoa mteja ndevu huku akisema, "Yule ndiye mwanamke! Ana moyo. Sisi wengine tumeoa majokofu."

Mama Pacha akaweka bakuli mezani. "Ile ya bomba ni yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Miaka kumi na mitatu nalia mle ndani."

Wembe ukasimama hewani. Kwa kitambo kidogo alidhani amesikika.

"Wewe?" mume alisema. "Wewe ulilie nini? Nani kakupiga? Nani kakunyima chakula?" Akawageukia wateja waliokuwa wakingoja zamu. "Jamani, filamu zitatuharibia wake!" Wakacheka wote. Hata yule wa kitini, mapovu kidevuni, alicheka mpaka wembe ukamchana.

Mama Pacha akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Wifi alimsikiliza pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa. "Sikatai, wifi. Lakini wewe ulilia tu. Mwenzio ameigiza."

Jioni ile akajifungia bafuni, akafungua bomba. Machozi hayajaanza kutoka, akamsikia mumewe nje ya mlango akiwaita watoto: "Pacha! Njooni mumsikie mama yenu anavyoigiza!" Miguu ikaja mbio. Na wale watoto, ambao hawakuwa na ubaya wowote, wakaanza kupiga makofi.

Akafunga bomba. Alitoka uso mkavu, akaenda kuwaandalia chakula, na tangu siku hiyo akawa anaoga upesi. Mume akamsifu kwa hilo.

Miezi minne baadaye mama yake mzazi alifariki. Msibani ndugu walijitupa chini, majirani wakaomboleza. Mama Pacha aliketi mkekani akiwatazama, amejikaza mpaka taya zinamuuma. Machozi aliyataka, yakagoma. Shangazi yake akamsogelea mwombolezaji mwenzake. "Mtoto wa kuzaa kabisa! Roho ngumu namna hii?"

Kinyozi aliyasikia. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kumlilia mkwewe, na leso imelowa. Akawainamia wale kina mama kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mgonjwa.

"Msimlaumu," alisema. "Mwenzenu ndivyo alivyoumbwa. Mimi nimeshamzoea."

Wakamhurumia kinyozi. Mmoja akainuka akamletea maji ya kunywa.