Kipande cha Zulia Kwenye Seng'enge

Ewen Drummond aliondoka nyumbani Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa mbili asubuhi, akiwa na fimbo yake ya kuvulia, chupa ya chai na mikate miwili iliyotiwa jibini. Alimwambia mkewe kwamba angerudi saa saba, maana alasiri kulikuwa na kondoo wa kuhamisha. Nola alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka. Alisema tu, "Haya."

Saa saba ikapita, saa tisa ikapita. Saa kumi Nola akampigia simu Merle, dada mkubwa wa Ewen, na Merle akawapigia majirani. Pikapu haikuwapa taabu kuipata. Ilikuwa kando ya daraja la McLeish, imefungwa, koti likiwa juu ya kiti. Watu wakasimama darajani, mto Mataura ukipita chini yao, wakaulizana waanzie upande gani, juu ya mto au chini.

"Juu," Merle akasema. "Ewen huenda juu siku zote. Miaka arobaini namwona akienda juu."

Wakatafuta juu mpaka giza likaingia. Kesho yake mkulima mmoja akamkuta Ewen chini kabisa, kilomita saba kutoka darajani, amenasa kwenye mizizi ya mierebi. Daktari alisema ni moyo. Nola akauliza kama ulisimama ghafla.

"Inaelekea," daktari akasema.

Hilo ndilo neno alilorudi nalo nyumbani, na alikaa nalo muda mrefu.

Maji yalikuwa yamembeba, na hakuna aliyejua yalimchukua kutoka wapi. Kwao mvuvi wa trauti haulizwi mahali pake. Unaweza kumuuliza alimpigia nani kura, unaweza hata kumuuliza kwa nini haongei na nduguye, lakini huwezi kumuuliza samaki huyu kamtoa wapi. Ewen alizidisha. Mara nyingi alirudi jioni akicheka peke yake jikoni, akisema, "Nimewazungusha tena." Nola hakuwahi kumuuliza amewazungushaje. Sasa alielewa. Mumewe aliegesha mahali pa kuonekana, akaenda juu na fimbo begani ili wapita njia wamwone, kisha akishafichwa na vichaka akageuka, akapita chini ya daraja kwenda mahali pake pa siri.

Majirani walileta vyakula mpaka friji ikajaa. Nola alikula kidogo, akawapa mbwa vingi. Alichoka na vikombe vya wageni, alichoka na fomu za kujaza, alichoka na kitanda. Mwezi wa kwanza, kondoo walipokwisha kunyolewa, akaenda kwa Merle.

"Wifi, nifundishe mto."

Merle alikuwa anajipaka dawa gotini. "Wewe? Miaka thelathini na nane umekaa ndani ya pikapu unafuma soksi, leo ndiyo unautaka mto?"

"Nataka kujua alisimama wapi."

Merle akaendelea kupaka goti ambalo lilikuwa limeshaenea dawa. "Kanunue kibali cha kuvua kwanza," akasema. "Mimi sikamatwi pamoja na mwizi wa samaki uzeeni."

Jumamosi ya kwanza hawakuvua. Walisimama ukingoni, chini ya daraja, usubi ukiwala shingo.

"Unaona nini?" Merle akauliza.

"Maji."

"Mungu wangu. Tazama vizuri. Trauti ni mvivu, wifi, halafu mlafi. Anataka kukaa asichoke, na chakula kimpitie mdomoni. Kama mumeo siku ya Jumapili, kwenye kile kiti chake, anakuita umletee chai. Haya, nionyeshe kiti kiko wapi."

Nola akaonyesha katikati, penye maji ya kasi.

"Hapo atakaa muda gani kabla hajachoka?"

Akaonyesha ghuba ndogo iliyotulia kabisa.

"Na hapo chai ataletewa na nani?"

Ndivyo alivyojifunza. Alijifunza kutafuta mahali maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole, maana kati yake kuna mstari kama mshono wa nguo, na samaki hukaa upande wa polepole akidokoa upande wa kasi. Alijifunza kufuata povu, kwa sababu linakopita povu ndiko wanakopita wadudu. Alijifunza kutazama nyuma ya jiwe, na mbele ya jiwe pia, na chini ya ukingo uliolika penye kivuli. Siku moja aliingia majini mpaka magotini ili aone vizuri, na kitu kikubwa cha rangi ya udongo kikachomoka karibu na miguu yake.

"Umemkanyaga," Merle akasema. "Kila mtu anadhani samaki yuko mbali. Ukifika, vua kwanza hapo unapotaka kusimama."

Kila Jumamosi walishuka kipande kingine cha mto. Buti za Ewen zilikuwa kubwa na nzito, Nola alizijaza soksi. Kila penye mshono mzuri aliuliza, "Angesimama hapa?"

"Mimi ningesimama. Yeye sijui." Siku moja Merle akaongeza, bila kumtazama, "Nilidhani namjua."

Mwishoni mwa mwezi wa pili Merle alianza kubaki nyuma kwa ajili ya goti. Nola akawa anatangulia. Hakuwa na matumaini makubwa. Alitembea kama mtu anayemaliza kazi aliyokwisha kuianza.

Asubuhi moja akakata kona, akasimama. Mwerebi ulikuwa umeanguka ukilala nusu majini. Juu yake maji yaliteremka kwa kelele juu ya mawe, yakagonga shina, yakageuka. Povu lilipita kwenye mstari mwembamba chini ya matawi, na kando ya povu maji yalikuwa mazito, ya kijani, karibu yasimame. Nola hakuuliza. Alirudi nyuma hatua chache, akatafuta mahali pa kusimama ambapo kivuli kisingewaangukia samaki. Palikuwa na mahali pamoja tu, kwenye changarawe, na nyuma yake seng'enge ya mpaka wa shamba.

Juu ya seng'enge palifungwa kipande cha zulia ili mtu avuke asichane suruali. Zulia la kahawia, lenye maua ya manjano. Lilikuwa limetandikwa kwenye korido yao miaka kumi na minane, na Nola alikuwa amelipigia magoti kulisugua kila wiki.

Merle akafika akichechemea. Akaliona zulia. Kisha akaona alichokiona Nola: ng'ambo ya seng'enge, hatua arobaini hivi, lilikuwepo geti la chuma na barabara ya vumbi. Lori la maziwa lilikuwa linapita. Dereva aliwapungia mkono.

"Lori hupita saa ngapi?" Nola akauliza.

"Asubuhi, kama sasa. Na saa nane."

Ewen angeegesha pale siku ile, dereva angeliona gari mara mbili, na watu wangejua pa kumtafuta. Merle akakaa kwenye changarawe.

"Mimi ndiye niliyesema juu."

"Yeye ndiye aliyekufundisha kusema juu," Nola akasema. Akakaa naye. Hawakuwa na nguvu za kulia. Trauti mmoja akapanda chini ya matawi, akameza kitu, akarudi mahali pake.

"Ni wa kilo mbili," Merle akasema. "Mshenzi. Ewen alinificha mahali hapa miaka yote."

Jumamosi iliyofuata Nola aliegesha gari lake getini, waziwazi, na kuweka karatasi mbele ya usukani: Niko kwenye mwerebi ulioanguka. Nitarudi saa sita. Merle aliisoma mara mbili.

"Wifi, umerogwa? Kabla ya Pasaka bonde zima litakuwa hapa."

"Waje."

Zulia bado liko kwenye seng'enge. Desturi ni kwamba aliyetangulia ndiye mwenye maji siku hiyo. Mara mbili sasa Nola amekuta gari la mtu mwingine getini. Amesoma karatasi iliyoachwa mbele ya usukani, kama yake, akageuza, akarudi nyumbani.