Sauti ya Mlangoni

Miezi mitatu mizima Concilie alisimulia kisa kilekile, na miezi mitatu mizima Violeth alijifanya anachambua maharage.

"Waliokuwa wanapiga kelele walipiga kwa Kizulu," Concilie alikuwa akisema. "Hao siwalaumu sana. Lakini mmoja alikuja mpaka mlangoni akaniambia kwa Kiswahili: Mama, toka hapo. Kwa Kiswahili, Mama Sipho. Hodi hakupiga. Natoka, nageuka, spaza yangu, kiduka changu, inawaka. Vraiment, kweli kabisa, yule alikuwa mwenzetu. Ndiye aliyewaonyesha njia."

"Wanaojua Kiswahili mjini humu ni wengi," Violeth alikuwa akijibu, na maharage yasiyo na mchanga yakachambuliwa mara ya pili.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hofu yake vilevile. Violeth alitoka Morogoro akiwa mke wa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekimbilia huko, mwanamume aliyelishwa na kuozeshwa na watu wasiojua hata ukoo wake. Nchi ya mume ilipofunguka wakaja wote wawili. Sipho akazaliwa hapahapa Johannesburg, baba akafariki, na mtoto akakua akijibu kwa Kizulu kila alichoulizwa kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilimtoka akiumwa au akiogopa tu. Siku mama yake alipomwandikia kwamba amempa hifadhi mwanamke wa Kirundi aliyechomewa duka, Sipho aliuliza swali moja: duka la wapi? Alipojibiwa, hakukanyaga tena Doornfontein, mtaa wa mama yake. Sasa, mama gani asingeunganisha hapo? Aliunganisha, kisha akakalia jambo lile kama kuku anayeatamia, akimwomba Mungu lisianguliwe.

Ndipo ikaja kazi ya filamu. Murielle, mwongozaji kutoka ng'ambo, alikuwa amekodi karakana kuukuu mtaa wa pili kutoka kwao, akajenga ndani yake mji wa kale wa Ulaya kwa mbao na plasta. Filamu yenyewe ilikuwa ndefu kupindukia, nyeusi na nyeupe, haina sauti hata chembe, na ilipitia zama nne za watu kuwachukia majirani zao. Zama zilizokuwa zikipigwa picha siku hizo ni zile za tauni: wenyeji wanawasingizia wageni kwamba wametia sumu visimani, kisha wanakwenda kuwachomea mtaa. Murielle alitaka watu wa kujaza uwanja, tena wengi. Violeth akamwambia Concilie waende. Na kwa kuwa mama ni mama, alikuwa ameshamtumia Sipho tangazo hilohilo, maana kijana hana kazi. Hatakuja, alijiambia njia nzima. Anayejiambia jambo njia nzima, ujue haliamini.

Walivishwa magunia na vitambaa vya kichwa, wakasimamishwa upande wa wageni, mbele ya mlango wa nyumba ya mbao. Murielle akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mtu aseme lolote linalomjia, kwa lugha yoyote, kwani hakuna sauti inayorekodiwa. Anachotaka ni nyuso. Watu wakacheka. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nao akaanza kulilia bei ya nyanya, mikono kichwani, na alilia vizuri kweli.

Kisha upande wa wenyeji ukaingia na mienge.

Violeth alimtambua mwanawe kabla hajauona uso. Mabega yale alikuwa ameyazika pamoja na marehemu mumewe, na sasa yalikuwa yanakuja mbele, mwenge mkononi, katikati ya kundi.

"Tubadilishane," akamwambia Concilie. "Wewe nenda kule nyuma."

"Moto ule ni wa kweli?" Concilie aliuliza.

"Wa gesi. Wanauzima kwa kitufe. Nenda nyuma, mwenzangu."

Concilie hakwenda popote. Alimshika Violeth mkono kwa mikono yake yote miwili, na Murielle akapiga kelele waanze.

Kundi likaja mbio. Nyuma watu walisukumana, likawa zogo hasa, na Sipho akajikuta ametupwa mpaka mlangoni, mwenge wake hatua moja tu kutoka kwenye kitambaa cha mwanamke aliyejiinamia. Mwanamke akainua uso. Alikuwa mama yake. Kijana aliogopa, uso wote ukaonyesha, na kinachomtoka akiogopa tumeshakisema.

"Mama, toka hapo."

Vidole vya Concilie vikazama kwenye nyama ya mkono wa Violeth. Kule kwenye kamera Murielle alikuwa amefurahi hajielewi. Nyuso kama zile, alisema, hazifundishwi. Warudi mwanzo, wafanye tena.

"Umesikia?" Concilie alisema polepole. "Ni sauti ile. Maneno yaleyale. Mama Sipho, yule mtu unamjua?"

Neno *simjui* lilikuwa tayari mdomoni mwa Violeth, limeiva kwa miezi mitatu. Angelisema, angebaki na mwanawe na rafiki yake pia, wote wawili, mpaka lini hata hakutaka kujua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa amemfunika Concilie kwa nguo hiyohiyo kila usiku.

"Ndiye Sipho," alisema.

Concilie alimwachia mkono. Kila asubuhi, akiomba chumvi au kiberiti, alikuwa akilitaja jina lile.

Mara ya pili kundi lilipokuja, Concilie hakungoja kufikiwa. Alitoka mlangoni, akamwendea Sipho, akasimama chini ya mwenge wake.

"Mbona hukuwaambia wasichome?"

Mdomo wa Sipho ulifunguka, ukafungika, ukafunguka tena. Murielle alipiga makofi. Watakaoitazama filamu ile watamwona kijana akisema maneno mazito, na labda wataandikiwa chini maneno hayo. Violeth alikuwa karibu, alisikia: hakusema kitu.

Jioni walipovua magunia, Sipho alikuwa anamsubiri mama yake getini.

"Ma, twende nyumbani tuongee."

"Nyumbani kuna mtu," Violeth alisema. "Ukija, utapiga hodi. Na atakayekuitikia si mimi."

Nyumbani Concilie alifungasha begi lake, akaliweka kando ya mlango. Hakusema anaondoka, hakusema anabaki. Aliinjika sufuria. Violeth alikaa kitandani akitafuna ncha ya khanga, akizisikiliza ngazi. Alitaka mwanawe aje, na alitaka asije.

Nyayo zikapanda, zikasimama.

"Hodi."

Concilie alikoroga maharage.

"Hodi."

Ya tatu ilichelewa. Ikikosa jibu hiyo, mtu mwenye adabu huondoka, na Violeth alijua kwamba mwanawe akishuka ngazi zile hatarudi tena. Aliomba mwenzake aseme neno, neno lolote.

"Hodi."

"Nani?" Concilie aliuliza.

"Sipho."

"Sipho yupi?"

Violeth alikuwa amejipangia jibu ambalo angeweza kuishi nalo: Sipho aliyekuokoa, Sipho aliyekuonea huruma.

"Niliyekutoa nje," sauti ilisema, kwa Kiswahili kinachokwaruza. "Wakachoma, nikaangalia."

"Na njia aliwaonyesha nani?"

"Ni mimi, Mama."

Concilie alifuta mikono. Hakumtazama Violeth. Akalisogeza begi kwa mguu, akavuta komeo, akafungua, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Neno karibu hakulisema.

Sipho alisimama pale kizingitini, akimtazama mama yake, akingoja neno ambalo hajawahi kulikosa tangu azaliwe. Violeth alikuwa nalo ulimini. Akalimeza, akangoja pamoja naye lile la Concilie.