Chapa ya Boma

"Baba Ritha, umenunua ng'ombe au umenunua chapa?"

Ndivyo Mbuke, jirani yao, alivyomuuliza marehemu Bujiku siku aliyorudi kutoka mnadani Ushetu na ng'ombe mwenye chapa ya boma la Mihayo, boma lililosifika kwa maziwa. Ng'ombe alikamuliwa, kikapatikana kikombe kimoja tu. Kumbe chapa ile ilipigwa mifugo yote ya Mihayo, hata maksai wa jembe. Ilisema ametoka kwa nani. Habari za kiwele haikuzisema.

Apolonia, mjane wa Bujiku, alilikumbuka swali hilo akiwa amekaa dukani kwa Mageni, muuza kompyuta zilizotumika mjini Shinyanga, rozari mkononi chini ya khanga. Alikuwa ametoka Ngokolo na binti yake Ritha. Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa walikuwa wamemwita Ritha akawachoree ramani za mashimo yao, ila afike Jumatatu na kompyuta yake mwenyewe. Programu ya ramani ilitaka prosesa, yaani ile akili inayopiga hesabu ndani ya mashine, ya kizazi cha nane au zaidi. Asipokuwa nayo, yupo mwingine anayeingoja nafasi hiyo.

"Mayu, chukueni hii," Mageni alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, huku akipangusa kompyuta nyeusi inayong'aa. Kidole chake kikatua kwenye stika. "Prosesa yake ni vPro. Maofisini ndizo wanazotumia."

Uso wa Ritha ukachanua. Apolonia aliitazama ile stika.

"vPro ndilo jina lake?"

"Ndilo, mama."

"Lake mwenyewe, au la boma?"

Mageni akacheka. "Mayu, hapa hatuuzi ng'ombe."

"Najua, mwanangu. Ng'ombe ningemshika kiwele."

Ritha akaacha kutabasamu. Aliivuta ile kompyuta, akafungua mahali inapojieleza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, ndipo maandishi yakatokea: Core i5-6300U.

"Mama, hili ndilo jina la prosesa. Hii sita ya mbele ndiyo kizazi. vPro ni jina la kundi zima la kompyuta za ofisi. Humo kuna i5, kuna i7, za zamani na za juzi."

"Chapa," alisema Apolonia.

"Chapa, mama."

"Sita na nane si ndugu hao?" Mageni aliingilia. "Haya, nawaongezea na begi."

Begi lilikuwa zuri. Apolonia aliuona mkono wa binti yake ukienda kwenye zipu ya begi hilo, maana Jumatatu ilikuwa karibu. Hakumkaripia. Alisali Salamu Maria moyoni, akaendelea kuangalia duka. Mageni alikuwa akichapa picha za pasipoti za mteja kwa kompyuta nyingine, iliyochubuka, yenye kitufe kimoja kilichong'oka na alama ya gundi palipokuwa na stika. Ilikuwa inaimba kwaya na kuchapa picha kwa pamoja, na kila alipoigusa iliitika papo hapo.

"Na hiyo yako inaitwaje?"

"Hii? Mayu, hii imechakaa. Haina hata stika."

"Nimeuliza jina."

Mageni akakuna shingo. Ritha alizunguka meza, akasema, "Samahani, kaka," akabonyeza. Core i5-8350U.

"Hiyo siuzi," Mageni aliwahi. "Ndiyo ya kazi yangu."

"Si umesema ile ndiyo ya maofisini?" alisema Apolonia. "Na hapa ni ofisini kwako. Baki nayo, na begi lake. Sisi wa mashimoni utupe hii iliyochakaa, kwa bei ileile."

Mteja wa picha akaangua kicheko. Mageni aliitazama stika aliyoisifu kwa kinywa chake, kisha akaivuta ile iliyochubuka.

"Ngojeni nitoe nyimbo zangu," alisema mwishowe, akichomeka flashi. "Mayu, wewe ungefaa udalali mnadani."

"Marehemu ndiye aliyekuwa akienda. Mimi nilikuwa nakamua."

Apolonia akalipa. Mageni alipochomoa flashi tu, Ritha aliikumbatia ile kompyuta kifuani na kutoka upesi, kabla muuzaji hajabadili mawazo.