Alama Zilizokataliwa

Mwandika programu wa kituo cha redio hakuwa amelala vizuri tangu mwanawe aanze kuota meno. Alipoambiwa ahamishie vipindi vya zamani kwenye kompyuta mpya, akatafuta njia ya mkato. Kompyuta hiyo ilikuwa na madeko: jina la faili likiwa na alama ya kuuliza, nyota au nukta pacha, inalikataa. Akaandika msimbo wa kugeuza kila alama ya namna hiyo kuwa kistari cha chini. Mafaili yakapita kama maji. Akashusha pumzi.

Kesho yake asubuhi mtangazaji, ambaye ofisi nzima ilimwita Koo, akasimama mlangoni.

"Dada, namtafuta mama yangu simwoni."

Kabla mama yake hajafariki, Koo alimhoji mara mbili studioni. Faili moja aliliita "Mama?", la pili "Mama*".

"Si hili hapa? Mama, halafu kistari."

"Hilo la pili, anaongelea shamba. Kwenye lile la kwanza ndiko anakocheka."

Mwandika programu akaelewa kosa lake. Majina mawili yamekuwa moja, na faili la pili limelifuta la kwanza.

"Kaka, nimeharibu."

Koo hakufoka. Alikaa tu kwenye kiti, mikono mapajani, na hapo ndipo dada wa watu alipozidi kuumia.

Wakashuka stoo, ilikopelekwa kompyuta ya zamani yenye mafaili ya awali. Fundi alikuwa ameshaifumua ile kompyuta ya zamani, vyuma vimetapakaa mezani.

"Diski umeifuta?" mwandika programu akauliza.

"Ilikuwa niifute jana. Mgongo ukanigomea."

"Mungu aubariki mgongo wako."

Akarudi na diski mezani kwake, akaongeza mistari kwenye msimbo: jina likiwa lipo tayari, weka namba mbele yake, usifute kitu. Akaanza upya. Koo akavaa visikizio, akasikiliza, akageukia dirisha.

"Asiitwe kwa namba," akasema mwishowe.

"Aitweje?"

"Mama Anacheka. Hapo hakuna alama, au vipi?"

"Hakuna."

Koo alipotoka, kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa majina mengine yaliyogongana, safu ndefu isiyo na mwisho. Mwandika programu akampigia mumewe.

"Baba nanii, mchukue mtoto kwa bibi yake. Mimi bado nipo nipo sana."

Akavua viatu chini ya meza, akavaa visikizio, akafungua faili lililofuata ili alipe jina lake.