Shimo ya Guy

Walimuua Guy mchana kweupe, pale Kamatanda, mdomoni mwa shimo lake mwenyewe la madini. Watu kumi na wawili walifika juu ya pikipiki sita, nyuso zimefungwa vitambaa, panga na vyuma mkononi, na mpaka leo hakuna anayejua nani aliwatuma. Walimpiga chuma cha kwanza kwenye goti. Alipoanguka wakamkatakata kama wanafyeka majani. Mdogo wake Augustin alikuwa chini shimoni, mita kumi na mbili, kamba mkononi, anasubiri kuvutwa. Hakuvutwa. Kilichoteremka kwenye ile kamba ni damu ya kaka yake, ikamdondokea usoni tone kwa tone, naye akajaza udongo mdomoni asisikike akilia. Alikaa humo mpaka jioni, mngurumo wa pikipiki juu ya kichwa chake.

Mimi ni Simone, mwenye nganda, baa ya mtaani, pale Shituru hapa Likasi, meza nane na viti vya plastiki, na Augustin na mke wake Princesse wamepanga chumba nyuma ya uwanja wangu. Kwangu watu hawakatiki: mafundi wa reli, wachimbaji, madereva wa malori ya Tanzania wanaosubiri mzigo wiki nzima. Habari ya Likasi hupita kwangu kabla haijamfikia mwenyewe. Na Kiswahili chochote utakachokuja nacho, nakijua. Kwetu, kuuza ni kwenda sokoni ukarudi na kitu. Ukitaka kitu kikutoke, unakiuzisha. Watanzania wao kuuza ndiyo kukitoa. Dereva akiketi akauliza, "Mnauza bia?", wasichana wangu wapya wanamjibu hapana, tunazo tayari. Mimi ndiye ninayewatafsiria, na kicheko kinalipa shida yote.

Basi siku mbili baada ya mazishi, dereva mmoja wa Mbeya akaniinamia sikioni. Jioni ya kabla ya mauaji, akasema, alikaa meza moja na Casimir, yule fundi anayeweka mbao mashimoni udongo usianguke, rafiki wa Guy tangu utotoni. Akamsikia kwenye simu akitaja shimo la Guy, anacheka peke yake. Povu halijatulia kwenye chupa ya dereva, mtaa mzima ulikuwa unajua: Casimir aliuzisha shimo la Guy kwa wauaji. Nani aliwaambia? Usiniulize. Na Casimir naye siku hiyohiyo akakimbilia kijijini kwa mama yake, kwa nini akimbie kama mikono ni misafi? Hilo pia nililisema mimi.

Augustin aliharibika. Pikipiki ikinguruma barabarani, moyo wake unampiga mpaka shati linatikisika, pumzi inakatika, jasho, kisha mikono inaanza kazi yake yenyewe. Alimpasua kichwa kwa chupa kijana wa pikipiki aliyekuwa anatafuta chenji. Alivunja mlango wangu kwa kichwa. Siku moja Princesse alimgusa bega akiwa amesinzia kwenye kiti. Alipofumbua macho alikuwa amemkaba shingo, na watu wanne tulimfungua vidole kimoja baada ya kingine. Mwanamke alikaa wiki na alama za vidole shingoni kama mkufu. Mchungaji alimwombea, mganga alimchanja, hakuna kitu. Wengine walishasema afungwe kamba.

Aliyemweza ni mama Bibiane, muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti hata kwa mlevi. Hakumpa kidonge. Alimuuliza: unapoingia shimoni asubuhi, kitu cha kwanza unafanya nini? Augustin akamwangalia kama mjinga. Unagonga, akamjibu. Kila mchimbaji anagonga mwamba kwa chuma kabla ya kuukalia chini: mwamba mzima unalia kama kengele, uliooza unajibu bu, kama ngoma, na hapo hukai. Mama Bibiane akamwambia wazo nalo ni mwamba. Linakuja juu ya kichwa chako, wewe unalala chini yake bila kugonga.

Akamnunulia daftari. Upande mmoja, wazo lenyewe na namba: unaliamini kiasi gani, sufuri mpaka mia. Katikati, ni nini kinaonyesha ni kweli, na nani alikiona kwa macho. Upande wa mwisho, ni nini kinaonyesha si kweli. Halafu pumzi, polepole, kuvuta kwa nne, kutoa kwa sita. Halafu namba tena. Tulicheka sana kwenye nganda, tukasema mama Bibiane anamfundisha mchimbaji hesabu. Lakini Augustin aliandika: *Pikipiki imenguruma, wamerudi kuniua. Tisini.* Wakagonga: mara ngapi imenguruma tangu mazishi? Mara mia. Mara ngapi walikuwa wao? Hata moja. *Thelathini.* Kisha mama Bibiane akamshika mkono, wakaenda kusimama kwenye kituo cha pikipiki, dakika mbili, kesho yake tano, kesho yake kumi, Augustin anatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, lakini amesimama.

Princesse akaanza tena kulala chumba kimoja naye. Ila wazo moja alikataa kuligonga. Liliandikwa ukurasa wa kwanza, peke yake: *Casimir aliuzisha shimo ya Guy. Mia.* Na nyuma ya mlango kulikuwa na panga, analinoa kila Jumapili baada ya misa. Mama Bibiane alimwomba ampe lile panga. Akasema atampa siku Casimir akizikwa.

Siku ya arobaini tuliondoa matanga uwanjani kwangu. Bukari, ugali wetu, masufuria matatu, samaki, bia, watu mpaka ukutani. Katikati ya kula, kelele zote zikazimika kwa pamoja. Casimir alikuwa amesimama kwenye geti, gunia la unga begani, amekonda.

Sikumwona Augustin akinyanyuka. Niliona panga. Casimir aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na vidole viwili vikaruka, kimoja kikatua karibu na makreti yangu ya bia. Unga ulipasuka, ukawa mweupe kisha mwekundu. Mume wangu Eugène alimdaka Augustin kiunoni, akala kiwiko, akatema jino. Kabla ya mwingine kusogea Augustin alikuwa amemwangusha Casimir, magoti yake kifuani, na makali ya panga yamelala kooni pake, ngozi imeshaanza kufunguka. Akasema mtu akisogea, anammaliza Casimir.

Mama Bibiane hakusogea. Alipiga magoti palepale alipokuwa, kwenye unga.

"Namba ngapi?" akauliza.

"Mia."

"Uligonga?"

"Hii sigonge, mama. Hii najua."

"Bale bote mwamba iliangukia, nabo balisema vile. Gonga, mwanangu. Nani alimusikia?"

Augustin hakuondoa macho kwenye koo la Casimir. "Mama Simone."

Uwanja mzima ukageuka kuniangalia. Miaka kumi na tisa nafanya kazi ya kuangaliwa, na siku hiyo nilitamani ardhi ya Shituru initafune.

"Minye sikusikia," nikasema. "Ni ule dereva wa Mbeya njo alisikia."

Nikaona Augustin akitafuta pumzi. Nne. Sita. Panga likapanda na kushuka pamoja na kifua chake. Kisha akaongea na mimi, taratibu, kama anasoma daftarini.

"Mama Simone. Niambie neno yenyewe. Hapana ya kwako. Ya dereva."

Nikafungua mdomo niseme *ameuzisha*, neno likanikwama. Mtu wa Mbeya hajawahi kusema *kuuzisha* maisha yake yote. Kwao neno hilo halipo. Nikamwona tena dereva yule, chupa mkononi, anavuta sauti puani, anatuiga Wakatanga ili anichekeshe.

"Alisema, 'Nimeuza shimo ya Guy.'"

"*Ya* Guy, ao *la* Guy?"

Nilielewa alipouliza, si kabla. Watanzania hawakosei hapo; shimo lazima liwe *la*, hata wakiwa wamelewa. Sisi ndio kila kitu ni *ya*. Yale hayakuwa maneno ya dereva. Yalikuwa ya Casimir, kama yalivyotoka kinywani mwake, na mimi, mwenye kujua Viswahili vyote, nikatafsiri kitu kisichohitaji tafsiri: kwetu, aliyeuza ndiye aliyenunua.

"Ya," nikasema. "Alisema *ya*."

Damu ya Casimir ilikuwa inanywewa na unga.

"Niliuza," Casimir akasema kutoka chini ya panga, sauti imebanwa. "Minye njo niliuza nusu ya shimo, tutumike kazi bote batatu. Guy alisema nisikuambie. Alisema atakuambia yeye, kesho, ukitoka chini."

"Na ulikimbia juu ya nini?" Augustin akauliza.

"Batu balikuwa nasema ni minye. Weye ungebakia?"

Mama Bibiane akauliza tena, sauti ileile. "Namba ngapi?"

Augustin alilitazama panga. Mate yalikuwa yanamtoka. "Makumi ine," akasema. Kisha, "Sijue, mama. Sijue tena." Panga likamteleza mkononi, nalo halikuanguka kwa kishindo, lilizama kwenye unga.

Ndipo akaona mkono wa Casimir. Alivua shati, akaufunga, akambeba mgongoni jinsi wanavyobebana kutoka shimoni, akatoka getini mbio. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya kituo cha pikipiki. Zilikuwa zinanguruma kama ishirini, vijana wanagombea abiria. Alipita katikati yao na hakupunguza mwendo, midomo yake inahesabu nne, sita, nne, sita, na kichwa cha Casimir kinagonga begani kwake.

Mimi nilikuwa nyuma yao, viatu mkononi, na vidole viwili vya Casimir ndani ya kitambaa changu cha kichwani. Watu walitoka kila mlango, mama Camille wa mkaa, mafundi wa reli, wote wananiuliza nini, Simone, ni nini, tuambie. Nilipita.