Mpunga wa Katikati ya Shamba

Mimi si mtu wa kulialia, lakini yule kijana Jarau alinivunja, na mpaka leo sijakaa sawa.

Mume wangu Ngelai ndiye aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya kampuni. Mbegu zao, mbolea yao, dawa yao; sisi tutoe ardhi na migongo. Baadaye ndipo tukasomewa sharti lenyewe: mbegu nyingine yoyote isiguse shamba lile wala isiwekwe nyumbani. Wakiikuta wanaichukua. Nilimwambia Ngelai, "Wewe ungetia dole hata kuniuza mimi." Akacheka. Wanaume hawa!

Basi nikapanda padi pun yetu kama kawaida. Ningefanyaje? Kila mlango katika nyumba yetu ndefu ni familia, na kila familia ina padi pun yake, mpunga wa ukoo, hauuzwi wala haugawiwi jirani. Wetu una ndevu nyekundu, na umepita mikononi mwa wanawake tisa kabla yangu. Unapandwa kiraka kidogo katikati ya shamba, na mpunga mwingine wote unauzunguka. Nilijisemea, ungali mchanga, wote kijani, nani atajua?

Wakaja asubuhi watu wawili: Jarau, mkaguzi wa kampuni, mtoto wa nyumba ndefu ya ng'ambo ya mto, na bwana mmoja wa mjini mwenye simu ya kupigia picha. Yule wa mjini alizungukazunguka kingoni akijifuta jasho. Angezunguka mpaka achoke. Lakini Jarau alikwenda moja kwa moja katikati, akasimama. Nani wa kumwelekeza? Amelelewa kwa mpunga kama wetu.

"Aa, mama," alisema polepole. "Kwa nini tena?"

"Kwa nini nini? Kwenu mnapanda wapi, juu ya mti?"

Bwana wa mjini akaja mbio, akapiga picha. Kiraka kikang'olewa shina kwa shina, mimi natazama. Juu darini nilikuwa na kikapu cha mbegu, cha kuanzia upya. Kikipona kile, tumepona.

Tukarudi nyumbani. Wakaketi barazani mkekani, Ngelai akawamiminia pombe ya mchele. Jarau hakuigusa. Akafungua fomu yake.

"Mama Rawing, humu ndani kuna mbegu nyingine ya mpunga ule?"

Kwetu mpunga wa ukoo haukanwi. Mpunga wenyewe unasikia. Ukisema kwa kinywa chako kwamba haupo, roho yake inaondoka, na kikapuni unabaki na makapi. Mama mkwe aliponikabidhi kile kikapu aliniapisha hilo kabla ya lingine lolote.

Nikamsogezea kikombe chake cha pombe.

"Mama, sikiliza swali vizuri," Jarau alisema, macho yake yakiniomba. "Nikiandika hapana, hakuna atakayepanda huko darini. Tunakwenda zetu. Hakuna, siyo?"

"Hakuna!" Ngelai akadakia.

"Mzee, anaulizwa mama," alisema bwana wa mjini, simu ameielekeza usoni pangu.

"Neno moja tu, mama," Jarau alisema. "Mwenzangu anawahi boti."

Ngelai alinifinya paja. Nikafungua mdomo niseme hapana. Naapa, lilifika kwenye ulimi.

"Upo," nikasema.

Ngelai akashika kichwa. "Mwanamke, umetumaliza!"

Bwana wa mjini alikwisha panda ngazi. Akashuka na kikapu, akamimina mbegu zote kwenye mfuko wa plastiki, akakikung'uta mpaka punje ya mwisho. Kisha akanirudishia. Eti kikapu hakina kosa.

Nilimfuata Jarau mpaka gatini, namtukana njia nzima. Msaliti, mbwa wa kampuni, na mengine ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi hata kuyajua. Jarau akamwacha mwenzake atangulie kuingia botini.

"Na mama yako je?" nikamfokea. "Na yeye ulimpokonya?"

"Yeye ndiye niliyemwuliza wa kwanza," alisema. "Mwaka juzi, swali hilihili. Akasema hapana."

Nikatulia. "Na mpunga wake?"

Aliinama kufungua kamba ya boti.

"Unamea, mama," alisema. "Aliupanda mwaka jana, kaupanda na mwaka huu. Unaota vizuri tu."

Akaingia botini, wakaondoka na mfuko wao. Matusi yote yalikuwa yameniishia. Nikakaa kwenye mbao za gati mpaka Ngelai alipokuja kunitafuta. Aliniuliza yule kijana kasema nini. Nikamwambia hakusema kitu.